Enesi Nzunda: Nyumba iuzwe, ng'ombe wangu hawaendi mnadani

Mnunuzi amesema atafika saa nne asubuhi. Enesi Nzunda amesikia, ameitikia, na bado amekaa kwenye kigoda chake akikamua kana kwamba siku ya leo haina mgeni.

Ni Ijumaa ya mwezi wa sita na baridi ya Mbozi haina mzaha. Nyasi zimepauka kwa umande, pumzi za ng'ombe zinaonekana kwa macho, na Enesi amevaa sweta mbili, kitenge juu yake, na mabuti ya mpira. Ndama ameletwa, amenyonya kidogo ili maziwa yashuke, kisha amevutwa pembeni akilalamika. Enesi anaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, anapaka chuchu mafuta, anaanza.

Simu inalia ndani ya mfuko wa sweta. Anaiwekea sauti kubwa na kuituliza juu ya ukingo wa banda, kisha anarudi kwenye ndoo.

"Bamayo, ng'ombe wameshaondoka hapo?"

Huyo ni Gibson, dalali wa Tunduma. "Bamayo" ni mama kwa Kibemba. Gibson amelizoea neno hilo kwa wateja wake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na siku hizi humwita hivyo kila mwanamke anayemtegemea kwa jambo.

"Wanakamuliwa, baba."

"Mgeni asikute harufu, nakuomba. Wapeleke kule chini, ng'ambo ya kijito, hata kama hawajashiba."

"Wataenda. Kwanza wakamuliwe. Au mgeni wako anakuja na maziwa yake ya chai?"

Gibson anacheka cheko la mtu ambaye hana la kufanya, kisha anakata simu.

Hili ni shamba la Hankondo, kama nusu saa kwa bodaboda kutoka Mlowo. Lina ekari mia moja na ishirini za malisho na miti, ng'ombe thelathini na wanne, na nyumba kongwe ya matofali mekundu yenye baraza pande tatu. Mlowezi mmoja, mkulima wa kahawa, aliijenga karibu miaka tisini iliyopita, na miaka sita iliyopita ikakarabatiwa ikarudi kwenye sura yake. Vyote vinauzwa.

Enesi ana umri wa miaka 46 na ndiye mkamuaji mkuu. Hamiliki hapa hata ukwato mmoja. Analipwa shilingi laki mbili kwa mwezi na lita mbili za maziwa kila siku, na amefanya kazi hii tangu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa.

Lakini usimwone amekaa chini kwenye kigoda. Mwanamke huyu ndiye aliyemwekea mwenye shamba sharti, na mwenye shamba akalikubali.

Mwenye shamba ni Osward Kibona, mzee mstaafu wa reli. Moyo wake umechoka, na daktari amemkataza baridi ya milimani, kwa hiyo sasa anaishi Mbeya kwa binti yake. Aliposema anauza, Enesi alipanda gari mpaka Mbeya akamwomba jambo moja: mpaka mvua za kwanza zinyeshe, Hankondo iuzwe kwa mtu atakayechukua na ng'ombe. Mvua zikishanyesha, basi, nyumba na ardhi viende kwa yeyote, na ng'ombe wapelekwe mnadani.

"Na mnadani hapo wanunuzi ni wachinjaji, tusidanganyane," anasema Enesi. "Mvua ikinyesha, fuso la kuwabeba linakuja. Mimi nataka mnunuzi kabla ya mvua, na anunue na ng'ombe. Mengine siyataki."

Mumewe, Emanueli, ana ekari moja ya kahawa na ulimi mkali. Anasema yeye ndiye aliyetoa mahari, lakini mke ameolewa na ng'ombe.

"Nikiumwa mimi, ananiambia ninywe maji nilale. Akiumwa ndama, halali mtu humu ndani."

Ukimuuliza Enesi kwa nini ng'ombe hawa wamemshika hivyo, hakwambii habari za mapenzi. Anakupeleka nyuma ya banda na kukuonyesha lundo la samadi.

Kila Jumamosi majirani wa Hankondo huja kuchukua mbolea. Wanakuja na mikokoteni, matoroli, baiskeli, wengine na ndoo kichwani. Hawalipi. Baada ya kuvuna mahindi huleta mabua, na mabua hayo ndiyo chakula cha ng'ombe mpaka nyasi zichipue tena. Utaratibu huo ulianzishwa na marehemu Mzee Nikodemo, baba yake Osward, na hakuna anayekumbuka Jumamosi ambayo haukufuatwa.

"Mbolea ya dukani mimi naisikia redioni," anasema Rozi Msongole, mjane wa miaka sitini na nane ambaye kahawa yake inapakana na ukuta wa shamba. "Kahawa yangu haijawahi kuionja. Hawa ng'ombe wakiondoka, msimu mmoja nitajikongoja. Wa pili nitang'oa mibuni nipande mahindi, na mahindi nayo yatakataa."

Ndiyo maana Enesi hataki kusikia habari ya fuso.

Kuna jambo jingine kuhusu ng'ombe na nyumba hii ambalo Gibson hapendi liandikwe. Samahani, Gibson.

Mzee Nikodemo aliinunua Hankondo baada ya mlowezi kuondoka na shamba kupita mikononi mwa watu wawili watatu. Hakulala ndani ya nyumba ile kubwa hata siku moja. Alijijengea yake ya vyumba vitatu ng'ambo ya kijito, akasema ile nyingine ni ya kutazama. Kisha mwaka mmoja baridi ikaua ndama wanne ndani ya wiki moja. Mzee akafungua mlango wa mbele wa nyumba ya kutazama, akawaingiza waliobaki sebuleni, akawasha moto kwenye meko ya ukutani.

Baada ya hapo wakawa wanalala humo kila msimu wa baridi. Ndama walikaa sebuleni, mama zao kwenye vyumba, na fahali kwenye baraza la nyuma. Enesi mwenyewe alijifunza kukamua katika chumba ambacho leo kina kitanda cha futi sita na chandarua cheupe.

Watu husema ng'ombe waliiharibu nyumba. Kwa kweli ndio walioiponya. Nyumba nyingine za walowezi huku zimebaki misingi, kwa kuwa mabati yaling'olewa na milango ikawa kuni. Hankondo bati likilegea, Mzee Nikodemo alipanda mwenyewe kulipigilia, kwa sababu chini yake palikuwa na ndama.

Aliyeirudisha katika hali ya nyumba ni Aliko Mbughi, fundi kutoka Ileje, aliyeitwa na Osward alipostaafu. Kazi ilimchukua miaka mitatu, na mwaka wa kwanza nusura aache.

"Mkojo wa ng'ombe ulikuwa umeingia ndani ya matofali," anasema Aliko. "Ukipaka chokaa leo, wiki ijayo iko sakafuni. Ikabidi tufungue madirisha yote na kuuachia upepo kiangazi kizima. Mke wangu alikuwa ananiambia nikirudi nyumbani nioge kabla sijamsalimia."

Alipofika kwenye mlango wa mbele, alikuta mwimo mmoja umelainika na kung'aa kwa shingo za ng'ombe walioupita miaka yote hiyo. Gibson anataka ubadilishwe. Aliko amekataa, na wawili hao hawajapatana mpaka leo.

Ng'ombe nao hawakufurahia kuhamishwa. Walijengewa banda jipya, lakini wiki za mwanzo walikuwa wanapanda barazani jioni na kusimama wakilia mbele ya mlango uliofungwa. Walizoea polepole. Waliokuwapo wakati ule wamebaki wachache, na mkubwa wao ni jike mmoja mwenye miaka kumi na minne aitwaye Meneja, kwa sababu hupita akimkagua kila mtu na hafanyi kazi yoyote.

Turudi kwenye Ijumaa yetu. Saa tatu na nusu Enesi ameshamaliza kukamua na ng'ombe wote wako ng'ambo ya kijito kama Gibson alivyotaka. Mwandishi wa simulizi hii ameshuka nao. Kutoka huku nyumba inaonekana yote juu ya mwinuko, na gari jeupe linaingia getini.

"Amekuja," anasema Enesi. Anajifuta mikono kwenye kitenge ingawa mikono ni mikavu. "Huyu nimeambiwa ana pesa na ana akili. Mwenye pesa na akili atataka na ng'ombe."

Ng'ombe wanakula. Kijito kinatiririka. Halafu Meneja anainua kichwa.

Wa pili anainua, na wa tatu. Enesi anageuka kutazama wanakotazama. Kutoka kwenye dohani ya nyumba, moshi mweupe unapanda moja kwa moja angani.

"Nani amewasha moto?" anauliza kwa sauti ndogo, na tayari ameshaokota fimbo.

Miaka yote ya Mzee Nikodemo, jioni ya baridi mzee alipowasha meko, ng'ombe walikuwa wakiuona moshi na kurudi wenyewe bila kuitwa. Tangu ukarabati, meko hayo hayakuwahi kuwashwa. Aliko aliizibua dohani mwezi uliopita tu, na leo, kwa fahari ya kazi yake, amemwashia mgeni moto aone jinsi inavyovuta moshi. Hakuna aliyemwambia asiwashe, kwa sababu hakuna aliyekumbuka. Hata Enesi hakukumbuka.

Meneja ameshaingia majini. Wengine wanamfuata, na vijana wao ambao hawajawahi kulala sebuleni wanafuata kwa kuwa wakubwa wamekwenda. Enesi anakimbia mbele yao, anapunga fimbo, anawaita kwa majina, anawatukana kwa Kinyiha. Ng'ombe hawakimbii. Wanatembea tu, wanampita kulia na kushoto.

Tunafika juu tukihema. Meneja amesimama barazani, kichwa kiko ndani ya mlango. Wawili wameshaingia. Mtamba mmoja yuko katikati ya sebule, na ameshajisaidia juu ya zulia ambalo Gibson aliliazima Tunduma kwa ajili ya siku hii.

Gibson ameshika kichwa. Aliko amesimama kando ya meko na kiberiti mkononi.

"Lakini dohani inavuta," anasema Aliko.

Mgeni mwenyewe yuko dirishani na kikombe cha chai. Ni Jenista Sikanyika, mwanamke wa Tunduma mwenye malori matatu na nyumba ya wageni karibu na mpaka. Anamtazama Meneja, Meneja anamkagua. Kisha Jenista anaanza kucheka, anacheka mpaka anaweka kikombe chini na kushika ukuta.

"Hawa nao walialikwa?" anauliza.

Enesi anaomba radhi. Anaomba mara ya pili na ya tatu, huku akiwasukuma nje mmoja mmoja kwa bega. Uso wake umejaa aibu na hajui afiche wapi mabuti yake yenye tope.

"Mama, usihangaike," Jenista anamwambia. "Mimi nimezaliwa kwenye zizi. Mavi ya ng'ombe hayanitishi."

Kwa dakika chache ilionekana mambo yamekwisha vizuri. Jenista alizunguka nyumba yote, akagonga mbao za sakafu kwa kisigino, akausifu mwimo wa Aliko mbele ya Gibson. Alimuuliza Enesi maswali mengi na kila swali likajibiwa. Kisha wakakaa barazani, na mgeni akasema alilokuja nalo.

"Nyumba naichukua, na ardhi naichukua, kwa bei mliyotaja. Ng'ombe siwachukui. Msinielewe vibaya, nawapenda. Lakini mtu anayelipa ili alale hapa, akiamka akute yule bibi mlangoni, harudi tena. Mimi nafungua loji, sifungui zizi." Akamgeukia Enesi. "Na wewe mama nakutaka. Uwe msimamizi wa nyumba. Laki tano kwa mwezi, na sare."

Gibson akampigia Osward papo hapo. Sauti ya mzee ikasikika kwenye simu, imechoka na ina upole.

"Mama Lusubilo," akasema, akimwita kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. "Nilikupa neno langu mpaka mvua, na silivunji. Mnunuzi kama huyu, lakini, sijui kama nitampata tena nikiwa hai. Ukiniachilia leo, nasaini leo. Ukikataa, tutasubiri. Uamuzi ni wako."

Wote wakamtazama Enesi.

"Nipe mpaka kesho, Mzee," akasema.

Nyumbani kwao siku hiyo hapakuwa na amani. Emanueli alikuwa ameshazisikia habari kabla mkewe hajafika, kwa kuwa bodaboda wa Mlowo hawana siri. Alimngoja mlangoni.

"Laki tano, Mama Lusubilo."

"Nimesikia."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, mwenyeji hataki kupona!"

Enesi alinisimulia baadaye kwamba alimkasirikia sana mumewe jioni ile, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Paa lao linavuja upande wa jikoni. Binti yao mdogo anaingia kidato cha tano. Na yule mzee wa Mbeya si mtu mbaya, ni mgonjwa anayetaka kumaliza mambo yake. Kumng'ang'ania mgonjwa asiuze mali yake kwa ajili ya mabua na samadi ni jambo linalouma ukilifikiria vizuri.

"Nilijiona mchoyo," alisema. "Halafu nikajiona mjinga. Lakini kila nikitaka kusema ndiyo, naliona lile fuso."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya mbolea. Majirani walikuja kama kawaida. Hakuna aliyembembeleza Enesi. Wengine hata walikwepa kumtazama, wakajaza matoroli yao haraka haraka kama watu waliofika kwenye nyumba yenye msiba.

Rozi ndiye aliyemwendea. Alitua ndoo yake chini.

"Mwanangu, chukua hiyo kazi," alimwambia. "Usijifanye maskini kwa ajili yetu. Tutajua la kufanya."

"Mtafanya nini, mama?"

Rozi alijitwika ndoo akaondoka, na Enesi akabaki amesimama akiwatazama watu wakiteremka na mizigo yao, huyu anakwenda kulia, yule kushoto, mbolea ya Hankondo ikisambaa kijiji kizima.

"Hapo ndipo nilipojiuliza," anasema. "Mbolea inabebwa kwenda kwao kila Jumamosi. Kwa nini asiende ng'ombe mwenyewe?"

Jambo lenyewe si geni. Huku milimani watu wamefugishana tangu zamani. Mwenye ng'ombe wengi humpeleka jike kwa jirani asiye naye. Jirani anamlisha, anakunywa maziwa, mbolea ni yake. Ndama wa kwanza ni wa jirani, wa pili anarudi kwa mwenye mali, na mama anabaki palepale. Desturi hiyo imepungua siku hizi kwa kuwa kila mtu anataka fedha mkononi, lakini haijafa.

Enesi akapaza sauti, akawaita watu warudi na matoroli yao. Akampigia Osward mbele yao wote.

"Mzee, uza," akasema. "Nyumba na ardhi mpe yule mama. Nimekuachilia. Ila ng'ombe usiwapeleke mnadani. Wafugishe kwa majirani."

Osward akajibu kwa swali.

"Mama Lusubilo, dawa zangu nitanunua kwa ndama ambaye hajazaliwa?"

Swali lilikuwa la haki. Enesi aliangalia chini. Alipoinua uso, alisema neno ambalo wiki moja tu kabla angempiga mtu aliyelitamka.

"Madume tisa, wapeleke. Fahali na maksai wote. Hao hawana ndama wala maziwa. Majike ishirini na watano niachie."

"Nitafikiri," alisema Osward. Kisha, kabla hajakata, akasema tena. "Unajua baba yangu alianza na jike wa kufugishwa? Alikwenda kumchukua Ileje kwa miguu."

"Najua, Mzee. Alitusimulia mpaka tukachoka."

Mzee akacheka, akakohoa, akasema basi, wafugishwe.

Ikabaki Jenista, aliyekuwa amelala Mlowo akisubiri jibu. Alipofika, Enesi alimshukuru kwa ile kazi na kumwambia haiwezi. Majike watakuwa kwenye nyumba kumi na tisa. Nani atazunguka kuwatazama, kuwachanja, kumwelekeza mtu ambaye hajawahi kushika kiwele? Kila nyumba imekubali kumpa lita moja ya maziwa kwa wiki, atauza Mlowo. Hesabu yake haifiki hata mshahara anaouacha.

"Nafasi haitakaa wazi, mama," Jenista alimwonya.

"Isikae. Mpe binti mwenye kupenda sare. Mimi nina ombi jingine."

"Bado tu una ombi?"

"Ule upande wa ng'ambo ya kijito, pamoja na nyumba ndogo ya marehemu mzee. Usiununue. Kuna matope, wageni wako hawatafika kule. Mwachie Osward, na punguza kwenye bei."

Jenista alitazama kule chini, akamtazama Enesi, kisha akamtazama dalali wake.

"Gibson," akasema, "huyu mama ndiye angefaa kuwa dalali."

Gibson, ambaye alikuwa bado na zulia la watu la kulipia, hakuona cha kuchekesha. Lakini siku ya kusaini, upande wa ng'ambo ya kijito haukuwamo kwenye mauzo.

Fuso lilikuja wiki mbili baadaye kuchukua madume. Enesi aliwapandisha mwenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu kwa mtu mwingine wangegoma. Walipoondoka, alikaa kwenye ukingo wa banda akalia, hakujificha. Emanueli alikuja akasimama karibu naye na hakutania. Siku hizi anaonekana akikata miti ya boma nyuma ya nyumba yao, kwa ajili ya Meneja, ambaye hana maziwa wala mimba na kwa hiyo hakuna jirani aliyemtaka. Anakata huku akinung'unika kwamba sasa ng'ombe wamemfuata mpaka kitandani.

Wa kwanza kufugishwa ni jike mweusi mwenye mimba kubwa, na anakwenda kwa Rozi. Ni asubuhi, ukungu bado haujainuka. Enesi anatangulia ameshika kamba, jike anafuata taratibu. Wanapita kwenye geti la Hankondo, ambalo mafundi wa Jenista wameanza kulipaka rangi, wanakata kushoto kwenye njia ya mibuni.

Rozi amevaa nguo yake ya kanisani. Amefagia uwanja mzima, na banda aliloliandaa lina nyasi nyingi kuliko ng'ombe watatu wangeweza kula. Enesi anamwonyesha namna ya kumkaribia, upande gani anapenda, jinsi ya kumjua akikaribia kuzaa. Rozi anaitikia kila kitu, na macho yake hayaondoki kwa ng'ombe.

Kisha anafungua kamba shingoni mwa jike, anaikunja vizuri, anamrudishia Enesi kwa mikono miwili. Ndivyo inavyofanyika hapa. Ng'ombe anabaki, kamba inarudi kwa aliyemleta, na siku moja itakuja kumchukua ndama wa pili.

Njiani kurudi, tunamuuliza Enesi kundi litakuwa limerudi lini. Anahesabu kwa vidole huku anatembea: mimba, ndama wa kwanza, mimba tena, wa pili, amwachishe ziwa. Na wengine bado mitamba, hao watachelewa.

"Miaka mitano," anasema. "Hao wa pili nitawakusanya kule ng'ambo, kwenye nyumba ya mzee. Osward ameshakubali, na asipokuwapo, binti yake amekubali. Nitakuwa na hamsini na moja. Mama yangu alikamua mpaka sabini."

Anaizungusha kamba kwenye kiganja, anaongeza mwendo. Bado majike ishirini na watatu wa kupeleka, na wa pili anatakiwa kwa jirani wa upande wa Hasamba kabla jua halijawa kali.